Jiwe Lililolambwa

Wusi,
11 Februari 2024

Mdogo wangu Wakesho,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Munyao na watoto, na kwamba joto la Voi halijawakausha mkawa kama omena. Sisi huku hatujambo. Ukungu unaingia mpaka jikoni bila kubisha hodi. Ng'ombe mwenye baka jeupe anatoa maziwa vizuri. Kwaya imenichagua tena kuongoza sauti ya tatu, si kwa ajili ya koo langu bali kwa sababu ufunguo wa kanisa unakaa kwangu. Wifi yako Syombua anakusalimu sana.

Utauliza mbona sikupiga simu. Simu zetu sisi wawili, tangu tumzike Baba, unajua zinavyoishia: mmoja anakata, halafu anasema ni mtandao. Karatasi haikatiki. Mutindi anateremsha sukuma wiki sokoni huko kila wiki, na amekubali kuwa posta yetu mradi tusimpe vitu vya kunuka.

Sasa jambo lenyewe. Tumepata wageni. Unamkumbuka Linet, mtoto wa watu wa Bura, mama yake aliyekuwa akiuza kabichi karibu na misheni? Sasa anafundisha chuo kikuu, somo la miamba. Alikuja na wanafunzi wake, na nyundo. Mimi nilidhani wanatafuta vito, kama kila mtu anayekuja Taita na nyundo, nikawaambia mapema kwamba hapa mkubwa ni mimi. Akacheka. Akasema wao wanatafuta mawe ya kuachwa mahali yalipo.

Nikawapeleka kwenye fungu lako, lile Baba alilokupa, jiwe na kile kipande cha fighi, msitu wa matambiko ya wazee, kinachoning'inia juu yake. Linet alimwaga maji kidogo, akaweka kioo jichoni, akachuchumaa. Halafu, Wakesho, mbele ya macho yangu, akalilamba jiwe lako.

Anasema ndiyo kazi yao. Jiwe likilowa kwa ulimi linaonyesha chembe zake. Akawaita wanafunzi, nao wakalamba. Walikuwa wanaguna kama watu waliopewa pilau.

Nikawapeleka kwangu. Unalijua jiwe langu, lile la juu ya miti ya mpaka, pana kuliko lako kwa ng'ombe wawili waliolala. Linet alilitazama. Akalipapasa, akasema lina manyoya mazuri, yale ya kijani yanayoota juu ya mawe. Hakulilamba.

Sina wivu. Nakueleza tu ilivyokuwa.

Alisema watu wanahesabu ndege wa milima hii na miti yake, na hakuna anayeuliza vimekalia nini. Msitu ni mpangaji, mwenye nyumba ni mwamba. Ukungu unanaswa na yale manyoya, unateremka kwenye nyufa, unatoka chini ukiwa maji, na hapo ndipo miti na ng'ombe wangu na Syombua wanapopata kunywa. Maneno mazuri, ingawa angeweza kuyasema akiwa amesimama upande wangu.

Anataka jiwe lako liingizwe kwenye yale mawe na chemchemi ambazo kaunti itazilinda zisiguswe. Lakini lazima mwenyewe akubali, na mwenyewe ni wewe. Nilimwambia dada yangu ana shughuli nyingi. Usifanye haraka. Na wala sina wivu, kama nilivyosema.

Kakako, mkubwa kwa umri tu,
Nehemiah


Voi,
28 Februari 2024

Kaka Nehemiah,

Salamu zako zimefika zikinuka sukuma wiki, na nimezipokea. Munyao ana goti, lakini si goti la kulalamikiwa, linamzuia tu kubeba simenti, nalo huuma zaidi lori linapofika. Watoto hawajambo. Vumbi limeingia dukani mpaka misumari ni myekundu. Mpe Syombua pole kwa kuishi na wewe.

Umesema huna wivu mara nyingi kuliko mtu ambaye hana. Unakumbuka siku Baba alipogawa shamba? Wewe ulipewa matuta yote ya udongo mweusi. Mimi nilipewa jiwe. Ulisimama mbele ya wajomba ukasema dada yangu hatakosa mahali pa kuanikia nguo. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya. Kila Krismasi ukaniuliza mavuno ya mawe yalikuwaje mwaka huu.

Basi mwaka huu mavuno ni mazuri. Wewe umeleta habari ya Linet, nami nina yangu. Kuna bwana anaitwa Maundu, mteja wetu, anauza kokoto kwa wanaojenga. Alisikia nina jiwe kule juu karibu na barabara. Anataka kulipasua. Anasema jiwe la namna hiyo likisagwa linatoa kokoto ngumu, na akimaliza atasawazisha mahali pale nipate hata nyumba ndogo.

Kwa hiyo mmoja anataka lisiguswe na mwingine anataka lisibaki. Sijaamua. Kwa sasa ninafurahia tu kwamba ninaulizwa.

Mdogo wako,
Wakesho


Wusi,
17 Machi 2024

Mdogo wangu,

Tunamshukuru Mungu, tumeamka wote. Mvua imeanza kujaribu. Syombua amekasirika, sabuni ya unga imepotea nyumbani, pakiti nzima, na anawashuku wanakwaya waliokuja kufanya mazoezi. Nimewatetea kadiri ninavyoweza.

Habari ya huyo Maundu nimeisoma mara kadhaa nikidhani nitaona mahali umeandika kwamba ni mzaha. Kokoto? Wakesho, jiwe hilo lilikuwa hapo kabla yetu sisi Wadawida, kabla ya tembo, Linet anasema kabla ya wanyama wote wenye miguu. Lilipikwa chini sana ya ardhi, likapandishwa juu polepole, likafika Wusi likakaa. Na wewe unataka likalale chini ya choo cha mtu? Lakini mwamuzi ni wewe. Mimi ni jirani tu mwenye matuta.

Wageni walirudi. Safari hii walikuja na mwandishi wa gazeti. Nilikuwa nimeliandaa jiwe langu kidogo, kama mtu anavyoandaa nyumba akisikia wageni wanakuja, si jambo la kuelezea. Linet alishangaa. Akalilamba, Wakesho. Akanyamaza kitambo. Nadhani lilimgusa. Akaniuliza swali moja dogo kuhusu matumizi ya mahali pale, nikamjibu, akaandika. Mwandishi akapiga picha. Nilisimama tu mahali penye mwanga, ambapo kwa bahati ni juu ya jiwe lako.

Sasa jambo linalonisumbua. Ng'ombe mwenye baka jeupe amekataa. Anakunywa pale chini ya jiwe lako, kwenye matone, kama siku zote, lakini hali vizuri na maziwa yamekatika. Daktari wa mifugo alimtazama akatikisa kichwa. Unajua Babu angesema nini: kuna ndugu ana kinyongo moyoni na hajakitoa. Mimi nimejichunguza, moyo wangu ni mweupe. Kwa hiyo nimefikiria upande wa Voi.

Najua sisi ni watu wa kanisa. Lakini kutasa hakujakatazwa na mtu, ni maji tu. Unakumbuka Babu alivyofanya: anachukua maji kinywani, anayapuliza nje kama manyunyu, anasema wazi lililo moyoni, na hasira inaondoka nayo. Nimekutumia chupa ya maji ya jiwe lako mwenyewe, nimeyakinga kwa mkono wangu siku chache baada ya wageni. Tafadhali tasa, dada. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya ng'ombe.

Nehemiah


Voi,
9 Aprili 2024

Kaka,

Hatujambo.

Gazeti nimeliona. Maundu ndiye aliyeleta, akaliweka juu ya kaunta katikati ya wateja. Picha ni nzuri. Umevaa koti la Baba. Chini yake wameandika: Nehemiah wa Wusi na mwamba wake.

Mwamba wake.

Sijaona mahali palipoandikwa kwamba Nehemiah ana dada. Maundu aliniuliza, mama, hili ndilo lile jiwe lako au la kaka yako? Wateja walikuwa wananitazama. Nilijibu ni langu, na kwamba anaweza kupanda kulikagua akitaka.

Chupa yako nimeiweka nyuma ya mikebe ya rangi. Sijaifungua.

Msalimie ng'ombe.

W.


Wusi,
5 Mei 2024

Wakesho,

Barua yako imechelewa. Mvua ilishusha ule mteremko wa chini, barabara ikafunikwa, na Mutindi alikaa Voi mpaka walipozoa tope. Aliibeba ndani ya mfuko wa plastiki, kifuani. Kwa hiyo nimeisoma baada ya kumwona Maundu, na si kabla.

Alikuja na watu wake na mkebe wa rangi nyekundu. Ni mtu mpole, alikunywa chai, akamsifu Syombua kwa mandazi. Kisha akaenda kuchora misalaba kwenye jiwe, mahali ambapo mashine itatoboa. Mmoja uko kwenye lile bega ulilokuwa ukiteleza juu yake na gunia, mpaka Mama akaficha magunia yote. Nikamuuliza una ruhusa ya nani, akasema ya mwenyewe.

Nimekaa na Linet. Alinionyesha ule mteremko ulioanguka. Pale watu walikata miti zamani na kuvunja mawe ya kujengea, udongo ukabaki bila kitu cha kuushika. Chini ya jiwe lako hapajasogea hata tuta moja. Matuta yangu meusi, yale niliyokuwa nikikuringia, yamekalia bega la jiwe lako. Likiondoka nitayafuata barabarani nikiwa na jembe mkononi.

Unaona hata katika kukusihi ninajitaja mwenyewe. Ni tabia, nisamehe.

Kuhusu gazeti: nilimwambia yule kijana ni jiwe la familia. Labda sikulisema kwa sauti.

Ng'ombe bado. Fungua chupa, tafadhali.

Nehemiah


Voi,
30 Mei 2024

Kaka Nehemiah,

Shikamoo. Goti la Munyao limepona ghafla, amesikia kuna harusi Ukambani.

Nimefungua chupa. Ninakueleza kila kitu, kwa hiyo keti chini.

Nilingoja wateja waishe. Nikaenda uani, katikati ya mabati na mifuko ya simenti, nikageuka upande wa milima. Kutoka hapa inaonekana kama kitu mtu alichosahau kukipakia. Niliitikisa chupa, ikatoa povu. Nikasema ni maji ya zamani. Nikajaza kinywa, nikapuliza. Munyao alitokea mlangoni, akanitazama, akarudi ndani bila kuuliza, ndiyo maana bado ninaishi naye.

Halafu nikasema, na nilisema kwa sauti, kwa sababu Babu alikuwa akisema maneno yaliyonong'onwa yanarudi tumboni:

"Nehemiah, nakuonea wivu, kwa sababu wewe ulibaki."

Si matuta. Matuta chukua. Wewe ndiye unayeamka kwenye ukungu. Wewe ndiye uliyemshika Baba mkono siku yake ya mwisho. Mimi nilipewa jiwe na safari ya kwenda Voi, na kila nikipanda huko ninakaribishwa chai kama mgeni. Jiwe ndicho kitu pekee kule juu ambacho kilikuwa changu na si chako, na ukapanda juu yake ukapigwa picha. Maundu alipouliza, nilitaka kitu unachokipenda kipotee, na kiwe changu cha kupoteza. Hicho ndicho kinyongo. Nimekitoa.

Nilijisikia mwepesi, nikataka kupuliza tena. Nikajaza kinywa mara ya pili, na safari hii ulimi ukanieleza. Ladha hiyo ninaijua, ninafulia nayo kila Jumamosi.

Nikakaa juu ya mfuko wa simenti nikaanza kuunganisha. Pakiti ya Syombua iliyopotea. Jiwe lako "uliloliandaa kidogo". Linet aliyelamba akanyamaza. Ng'ombe anayekunywa kwenye matone yangu na kukataa kula.

Kaka, uliosha jiwe?

Nimemwambia Maundu angoje mpaka nipate jibu lako. La kweli. Likija lile jingine, misalaba yake ibaki ilivyo na mashine ipande.

Wakesho


Wusi,
12 Juni 2024

Wakesho mdogo wangu,

Marahaba. Syombua amesoma barua yako kabla yangu, kwa hiyo nakuandikia kutoka katika nyumba ambayo hainisemeshi. Wanakwaya wametakaswa. Mmoja anataka niombe msamaha hadharani, baada ya wimbo wa pili.

Ndiyo. Niliosha.

Ngoja nikueleze fikra zangu, uone zilivyokuwa nzuri. Linet alilamba lako, hakulamba langu. Nikawaza, mtu hawezi kulamba kitu kichafu. Lako lina mahali palipo wazi, langu limefunikwa lote na manyoya. Basi niliposikia wanarudi nilichukua sabuni na brashi ya waya, nikasugua. Manyoya yalitoka kama mkeka wa zamani. Nilifanya hivyo mapema kabla watu hawajaamka, na hapo ningepaswa kujua kuna kosa, kwa sababu kazi nyingine zote nazifanya watu wakiniona. Jiwe liling'aa kama sufuria ya harusi. Nilisimama nikalitazama nikaona, sasa tutajua nani ana jiwe.

Linet alipolilamba aliuliza kwa upole: "Mzee, mnafulia hapa?" Nikajibu mara mojamoja.

Nilimwita arudi wiki iliyopita, nikamwambia yote. Hakunigombeza, ingekuwa afadhali. Alinishika mkono akanionyesha ufa. Unaanzia juu kwangu, unapita chini ya miti ya mpaka ambayo Baba alipanda, unatokea kwako kwenye matone. Hakuna mawe mawili. Ninachokiita changu ni kichwa, chako ni mabega na tumbo. Ukungu ulikuwa unanaswa kichwani kwangu na kutoka kwako. Sasa kichwa kina upara, ukungu unakuja, unateleza, unakwenda zake. Sabuni imekwisha kuoshwa na mvua, ng'ombe amerudia kula, lakini matone yamekuwa machache. Yanadondoka kama mtu anayekumbuka jambo kwa shida. Nilimuuliza manyoya yatachukua muda gani kurudi. Akasema inategemea tutaweza kuyaacha kwa muda gani.

Kwa hiyo nilikuwa nikilionea wivu jiwe langu mwenyewe. Nimekuwa mjinga katika mambo mengi, hili naona ndilo la kuwekewa kibao.

Lakini liko jingine linaloniuma kuliko lile la kulambwa. Siku zote nilidhani Baba alikupa kilichobaki. Sasa nadhani alitafuta, kati ya watoto wake, yule atakayeliacha lilivyo. Alinijua. Mimi kila kitu lazima nikilime au nikipige rangi. Nilimshika mkono, ndiyo, na mkono huo huo ulikuwa umekwisha kuamua.

Nilipanda juu ya ule upara na kikombe cha maji yako. Nikapuliza. Nikasema: "Nimemwonea dada yangu wivu kwa kitu ambacho tayari kilikuwa chetu." Kondoo wa jirani alinitazama, akaondoka.

Likiingia kwenye ulinzi, liingie lote, kichwa na tumbo, na jina liwe lako. Mimi niandikwe jirani. Ukimpa Maundu, sina uso wa kukuzuia. Nakuomba tu.

Nehemiah


Voi,
4 Agosti 2024

Kaka,

Natumaini kwaya imekusamehe. Mimi nilihitaji muda, ndiyo maana Mutindi alikuwa akirudi mikono mitupu na wewe ukimkagua mifuko, amenieleza.

Maundu nimemkatalia. Hakukasirika, alidai tu rangi yake. Nikamkumbusha alinunua hapa hapa dukani na kwamba tayari iko kwenye jiwe langu. Atachukua mawe kwenye machimbo yaliyokwisha kufunguliwa huku tambarare.

Linet alipitia Voi. Kibali changu nimempa, na jiwe ni moja, kwa hiyo majina ni mawili. Langu la kwanza. Lako la pili, si jirani. Jirani gani aliyeosha kichwa cha mtu?

Aliniuliza kibao kiandikwe nini. Alikuwa na maneno mengi mazuri kuhusu umri wa mwamba na maji na msitu, na nikamwambia ayaweke yote. Lakini juu kabisa, kwa herufi kubwa, nimeomba kiandikwe: TAFADHALI USIOSHE JIWE HILI. Utakisimamisha wewe, upande wako. Na kila mgeni atakuuliza ni mtu gani aliwahi kufanya hivyo.

Ninakuja Desemba, nitakaa mpaka nichoke. Usinipikie kama mgeni. Na usiniandikie tena ukungu ulivyo, niache niukute.

Wakesho


Wusi,
24 Novemba 2024

Wakesho,

Sisi wazima, na sikuandikii ukungu. Ng'ombe mwenye baka jeupe amezaa jike. Syombua amempa jina Sabuni, na ametangaza kwamba jina halibadilishwi. Sauti ya tatu imenirudishia nafasi yangu baada ya kugundua ufunguo bado ninao.

Kibao kimesimama. Wageni wanakuja, wengi ni watoto wa shule na walimu wao, wanasoma zile herufi kubwa, wanacheka, kisha wananiuliza. Mwanzoni nilijibu ni mtu mmoja wa zamani. Sasa nasema ni mimi, na nimegundua wanasikiliza vizuri zaidi yale yanayofuata. Hata wale wa nyuma.

Misalaba ya Maundu bado ipo. Juzi nilitoka na brashi, kidogo tu, nikaondoe ule wa kwenye bega lako kabla hujaja. Syombua aliichukua mkononi mwangu, na sijui ameificha wapi. Linet anasema jiwe litaivua rangi lenyewe likipenda. Basi utaikuta.

Nilikuwa nimeapa kutokuambia hili mpaka ufike, lakini unanijua. Manyoya yanarudi. Yameanzia kwako, kama kawaida ya mambo mazuri siku hizi. Kwa mvua za mwezi huu yalipanda taratibu kufuata ufa, yakapita chini ya miti ya mpaka, na asubuhi hii nimeyakuta yamevuka. Kiasi cha ukucha wa kidole kidogo, kijani kabisa, katikati ya upara wangu.

Nitakuwa mkweli, kwa kuwa umenizoesha: kitu cha kwanza nilichohisi ni ule mchomo. Kwamba hata haya ni yako. Nikakaa nao. Haukukaa sana.

Halafu nikatazama huku na huku, nikaona hakuna mtu isipokuwa yule kondoo, nikachuchumaa na magoti haya, nikalilamba jiwe, pembeni, nisiyaguse manyoya.

Halina ladha ya sabuni. Lina ladha ya baridi, na ya kitu kama sarafu, na ya mvua. Sikujua. Miaka yote hii naishi hapa, sikujua.

Njoo. Nimekuachia upande wako.

Nehemiah